KUKATA SI KUNG'OA: Somo juu ya miti migonjwa na visiki vyake katika kiwanja cha nyumba



Leo ninaomba nafasi katika karatasi zetu hizi niwaeleze kazi moja ya nyumbani ambayo wengi wetu tunadhani tunaijua: kuondoa mti mgonjwa katika kiwanja. Mtu atasema: "Nani asiyejua kukata mti?" Kweli, kukata kila mtu anajua. Lakini kukata si kung'oa, na jamaa yetu ililipa bei kubwa juu ya kutojua tofauti hiyo. Kwa hiyo nitaanza na habari yetu wenyewe, kiisha nitafuata mambo moja moja, kama mwalimu anavyofanya ubaoni.

I. YALIYOTOKEA KWETU

Kwetu ni upande wa Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Nyuma ya nyumba kulikuwa miti 34 ya kahawa robusta, iliyopandwa na babu. Haikuwa shamba, ilikuwa kiwanja tu. Lakini kahawa hiyo ndiyo iliyoleta sabuni, chumvi, na minervali yangu na ya dada zangu wawili.

Nilipokuwa na miaka 12, mti mmoja karibu na choo ulianza kugeuka manjano upande mmoja. Upande wa pili ulikuwa mzuri, tena na matunda mengi. Baba mkubwa alipita, akautazama, akasema: "Ng'oeni huu leo, msingoje kesho." Mama akamjibu: "Shemeji, muti iko na mbegu vile, nitaing'oa namna gani? Minervali ya watoto itatoka wapi?" Baba mkubwa akanyamaza, maana neno la mama lilikuwa neno la kweli. Basi tukangoja mavuno.

Matunda ya mti ule yakawa mekundu mbele ya mengine yote. Tukafurahi. Tulipoyachuma yalikuwa mepesi, na mbegu zake hazikujaa. Miezi miwili kiisha, mti mzima ukakauka, nikapewa panga. Niliukata chini kabisa, usawa wa udongo, nikasema kazi imekwisha. Siku ile ile, na panga lile lile, nikapunguza matawi ya miti mingine sita. Mti uliokufa nikauburuta katikati ya kahawa yote mpaka jikoni. Nikafunga mizigo miwili ya kuni: mmoja wetu, na mwingine nikampelekea mama mdogo ng'ambo ya mto, kama zawadi. Alinishukuru sana. Akaziegemeza kwenye kahawa yake iliyokuwa karibu na jiko.

Kisiki chetu kikachipuka. Tukafurahi tena, tukasema: "Tazama, umepona." Machipukizi yakafika magotini, kiisha yakakauka yote. Mwaka uliofuata, ile miti sita niliyoipunguza matawi ikaanza manjano, mmoja mmoja. Miaka miwili haikuisha, katika miti 34 ikabaki mitano. Na kwa mama mdogo, mti wa kwanza kuugua ulikuwa ule ulioegemezwa kuni zangu.

Siwezi kuhakikisha kwamba ni kuni zangu tu. Ugonjwa huu unajua pia kupita na upepo na maji ya mvua. Lakini nilipokwenda kumweleza mama mdogo yale niliyokuwa nimefundishwa kiisha, hakunigombeza. Alisema tu: "Kuni zako zilipika siku tatu, na zimekula kahawa yangu yote." Neno hilo halijanitoka mpaka leo. Ndiyo sababu ya somo hili.

II. UGONJWA HUU NI NINI

Jina lake la kisayansi ni trakeomikozi. Unaletwa na kuvu, yaani kiumbe cha jamaa ya uyoga, lakini kidogo sana hata jicho halikioni. Kuvu huingia katika mti kwa njia ya kidonda: pale panga lilipokata, pale jembe lilipogusa mzizi, pale mbuzi alipomenya ganda. Kikiisha kuingia, kinakaa katika mirija inayopandisha maji toka mizizi mpaka majani. Kinaiziba. Basi mti unakufa kwa kiu, na mvua inanyesha juu yake. Hakuna dawa ya kuuponya mti ulioshikwa.

Ugonjwa huu si wa jana. Ulionwa mara ya kwanza mwaka 1927 katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1948 mtaalamu Mbelgiji, Steyaert, alikipa kile kuvu jina la kisayansi. Wakati ule uliharibu kahawa katika inchi yetu pia. Watu wakang'oa na kuchoma miti mingi, wakapanda aina zenye nguvu zaidi, na ugonjwa ukapungua. Lakini katika miaka ya 1970 ulionekana tena kaskazini-mashariki ya inchi, upande wa Isiro, ukashuka pole pole mpaka kwetu. Mkumbuke kwamba ni mwaka 1973 mashamba makubwa ya wageni yaligawanywa, na mengi kati yake yakaachwa porini. Katika shamba lililoachwa hakuna mtu wa kung'oa mti mgonjwa. Unakufa umesimama, nao unatoa mbegu za kuvu.

Mwaka 1993 ugonjwa ulionekana Uganda, katika Bundibugyo, karibu kabisa na mpaka wetu. Katika miaka kumi hivi Uganda ilipoteza karibu nusu ya miti yake ya robusta. Kwetu Beni watu wengi waliacha kahawa, wakapanda kakao. Kwa hiyo kijana akiniuliza juu ya nini kijiji chake kina kakao pahali babu yake alikuwa na kahawa, jibu moja ni hili.

Kahawa arabika ya milimani, kama ile ya Butembo na Lubero, haishikwi na namna hii ya kuvu inayoua robusta. Lakini wenye arabika wasijivune: kule Etiopia iko namna nyingine ya kuvu hiki, na hiyo inaua arabika.

III. NAMNA YA KUUTAMBUA

Mbele ya kushika jembe, tazama vizuri, usije ukang'oa mti mzima ulioona jua kali tu. Dalili ni hizi:

1. Majani yanalegea, yanajikunja, yanageuka manjano kiisha kahawia, yanaanguka. Mara nyingi inaanza upande mmoja, ao katika shina moja kati ya mashina mawili ya mti ule ule.
2. Matunda yanakuwa mekundu mbele ya wakati wake.
3. Ukikwangua ganda karibu na udongo kwa kisu, mti wa ndani hauna rangi yake nyeupe. Una mistari ya rangi nyeusi yenye kuelekea buluu. Hii ndiyo dalili ya kuhakikisha.
4. Kwa mti uliokufa, katika nyufa za ganda la chini unaona vitone vidogo vyeusi. Humo ndimo mbegu za kuvu hutoka.

Ukiisha kukwangua, pitisha kisu motoni kabla ya kukigusisha mti mwingine. Mganga hachomi sindano moja kwa wagonjwa wawili.

IV. NAMNA YA KUNG'OA

Kazi hii inafaa kufanywa siku ya ukavu, sababu udongo wenye maji unashika mizizi na miguu, na mti mbichi hauungui. Kwetu miezi mizuri ni Januari na Februari, ao Juni na Julai. Lakini kama dalili zimeonekana katika mwezi wa mvua, usingoje ukavu. Ng'oa, na utapata shida kidogo na moto.

Vyombo: jembe, beleshi, shoka, panga, na kama iko, baramini, ule mti wa chuma wa kuvunjia mawe.

1. Usianze kwa kukata shina. Hili ndilo kosa langu. Shina ni mkono wako wa kukamatia. Mti wa kahawa wenye shina lake, watu wawili wanausukuma huku na huku mpaka unalegea. Kisiki kilichokatwa usawa wa udongo utakishika wapi?
2. Chimba mfereji kuzunguka mti, karibu hatua moja toka shina, uende chini mpaka uone mizizi ya pembeni. Kata kila mzizi kwa shoka, upande wa mbali na mti.
3. Sukuma, ingiza baramini chini, pandisha. Mzizi wa katikati unashuka sana. Kata pale unapofika, lakini jaribu kufika mbali.
4. Rudi katika shimo na mikono. Toa kila mzizi unaozidi unene wa kidole. Hapa ndipo wengi wanachoka na kusema, "Inatosha." Haitoshi.
5. Usiuburute mti. Uchome pale pale, ndani ya shimo lake, na majani yake na matunda yake yaliyoanguka. Kama upepo ni mwingi ao nyumba ya manyasi iko karibu, ngoja mangaribi upepo utulie, weka ndoo za maji tayari, na mtu mmoja asiondoke mpaka majivu yapoe.
6. Pitisha panga, shoka na jembe motoni, ao uzioshe kwa maji ya javeli. Udongo ulioshika viatu, uukwangulie hapo hapo.
7. Tazama majirani wa mti ule, yaani miti iliyo karibu, kila juma. Ukiona manjano, rudi namba 1.

Na kuni? Najua ulizo hili, sababu kuni ni kazi ya mama zetu na dada zetu, na kila siku wanatembea mbali kuzitafuta. Kuona kuni kavu zinachomwa bure inauma. Ukipenda kupikia, basi leta sufuria kwenye shimo, upike hapo. Sisi tulipika maharagwe namna hiyo, na yaliiva. Lakini kuni za mti mgonjwa zisivuke kiwanja, zisiuzwe, zisifanywe fito za ukuta wala nguzo za lupango. Zawadi ya namna hii si zawadi.

V. KISIKI CHA MTI MKUBWA

Si kahawa tu. Katika viwanja vyetu iko miavoka, miembe, grevilea na mikaratusi. Wakati wa mvua ukiona uyoga wa rangi ya asali umeota kwa wingi kwenye shina la mti unaopoteza majani, menya ganda pale chini. Ukikuta utando mweupe kama karatasi, wenye harufu ya uyoga, huo ni uozo wa mizizi. Unapita toka mzizi mmoja mpaka mwingine pale inapogusana chini ya udongo. Ukikata mti na kuacha kisiki, umeuachia kuvu ghala ya chakula kwa miaka mingi.

Mti mkubwa uliokufa ni hatari kwa mtu pia. Tawi kavu halitoi habari mbele ya kuvunjika. Kwa hiyo:

Kazi ifanywe na watu wakubwa, si watoto peke yao. Punguza kwanza matawi mazito ya upande wa nyumba, na aliyepanda asikanyage tawi kavu. Funga kamba juu, na watu wa kuvuta wasimame mbali kuliko urefu wa mti. Acha shina la kimo cha kifua, usilikate chini. Chimba, kata mizizi ya pembeni yote, kiisha funga kamba juu ya shina lile na mvute pamoja. Urefu wa shina unawasaidia, ni sawa vile mlango unavyofunguka kwa urahisi ukiusukuma mbali na bawaba. Wale waliosoma fizika watafahamu: ni wenzo tu.

Iko njia nyingine kwa mti mkubwa ulio mzima bado, unaotaka kuondolewa ili kupanda mahali pake: kumenya ganda kuzunguka shina lote, mwaka mmoja ao zaidi mbele ya kuukata. Majani hayawezi tena kutuma chakula chini, mizizi inakula akiba yake mpaka inakwisha, na kuvu kikija hakikuti kitu. Katika mashamba ya chai ya Malawi njia hii inajulikana tangu miaka ya 1930.

VI. MGOMBA UNA SHERIA YAKE

Sasa angalisho. Mtu asiondoke hapa na kung'oa kila kitu. Mnyauko wa migomba, ambao katika Kivu ya Kaskazini ulionekana Masisi mwaka 2001, hauletwi na kuvu bali na bakteria. Ndizi zinaiva mbele ya wakati, ua la dume linakauka, na shina likikatwa linatoa maji mazito ya manjano. Zamani walifundisha kung'oa shina zima la migomba na watoto wake wote. Watu walichoka na njaa ikaingia. Kiisha wataalamu waliona kwamba bakteria haishiki kila mgomba wa shina moja. Basi leo wanafundisha kukata mgomba unaoonyesha dalili tu, usawa wa udongo, na panga lililopita motoni, na kurudi kila juma kutafuta mwingine. Ua la dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga.

Kwa hiyo, jua ugonjwa kwanza, kiisha chagua kazi. Kahawa unang'oa yote. Mgomba unakata mmoja. Panga chafu linakatazwa kwa yote mawili.

VII. SHIMO LILILOBAKI

Usiliache wazi. Mtoto ataanguka, mbuzi atavunjika mguu, na maji yakikaa humo mbu wa malaria watazaa. Acha jua lipige udongo siku chache, kiisha rudisha udongo. Usipande kahawa mahali pale mara moja. Ngoja mwaka mmoja ao zaidi. Wakati huo panda mahindi ao maharagwe, usikae na njaa. Ukitaka robusta tena, usichukue miche chini ya miti ya zamani. Tafuta miche ya aina zinazovumilia ugonjwa. Uganda wamekwisha kupata aina za namna hiyo, zinaitwa KR.

VIII. NENO LA MWISHO

Likizo iliyofuata, mimi na watoto wa mama mdogo tuling'oa visiki vyake vyote 12. Siku nne. Mikono ilitoka malengelenge. Siku ya nne mama alikuja kusaidia, akashika jembe bila kusema neno. Tulipofika kisiki cha mwisho akauliza: "Kama tungeng'oa ule mti mmoja siku ile, tungepoteza nini?" Tukahesabu pamoja: kilo mbili ao tatu za kahawa. Kilo tatu zilitushinda kuziacha, tukaacha miti 29. Leo mahali pale iko kakao changa na mahindi, na minervali yangu ya mwaka huu wa mwisho ilitoka kwa mahindi hayo. Simlaumu mama. Yeye alitazama watoto watatu na mti mmoja wenye matunda. Lakini ninyi mmekwisha kusoma, na mtu aliyesoma anafaa kusema nyumbani, kwa heshima, mbele ya wakati kupita.

Ombi langu kwa wanafunzi wa bweni: mkitoka nyumbani na mzigo wa kuni za jiko la shule, zisiwe za kahawa iliyokauka. Na kwa sisi wote: nyuma ya jiko la shule viko visiki viwili vya miavoka, na wakati wa mvua vinaota uyoga. Karibu navyo muhula uliopita tulipanda miche minane. Katika salongo ya Jumamosi ijayo nitaomba wakubwa ruhusa tuving'oe. Wa darasa la 5 na la 6 walete majembe. Wa madarasa ya chini watachota maji.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Juu ya nini mti wenye trakeomikozi unakauka hata wakati wa mvua?
2. Taja dalili inayohakikisha ugonjwa, na useme namna ya kuitafuta bila kuambukiza mti mwingine.
3. Fasiria sababu mbili za kutokata shina mbele ya kuchimba.
4. Juu ya nini mgomba mgonjwa hautendewi sawa na kahawa?
5. Nyumbani kwenu, ni mti gani unaopaswa kuondolewa, na nani anayekataa? Andika maneno utakayomwambia.

Ulizo la 5 halina jibu ubaoni. Kila mtu alijibu likizoni.

Ni mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi, darasa la 6